Sanduku Lenye Alama ya Sindano

Mwanamume mzima, mabega mapana, shati limenyooshwa kwa pasi, amesimama katikati ya stesheni ya Mpanda siku treni imeingia. Watu wanapigana vikumbo na magunia, wenye bajaji wanaita abiria, na kofia yake imeanguka hapo hapo kwenye vidole vya mguu wake. Badala ya kuinama aiokote, anamwambia msichana asiyemjua amwokotee. Hivyo ndivyo Felisiani alivyoingia katika maisha ya Nyanzala, kwa kumtuma.

Nyanzala alikuwa amefuata furushi lake la vitenge kutoka Tabora. Alivaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe, limemkaa kiunoni kiasi cha kumtangazia biashara, na tepu ya kupimia bado ilikuwa shingoni maana alitoka dukani mbio. Aliitazama kofia, akamtazama mwenye kofia.

"Mikono si unayo?"

"Mikono ninayo, dada. Mgongo ndio sina."

Akacheka kidogo baada ya kusema hivyo, na ndipo Nyanzala alipoona jinsi alivyosimama, amekakamaa, jasho limemtoka kwenye mdomo wa juu na jua lenyewe bado la asubuhi. Chini ya shati palionekana mkanda wa hospitali uliochakaa, umefungwa kwa kipande cha kamba. Alimwokotea kofia, akaikung'uta, akamvisha mbele nyuma, kisha akamuuliza nani aliyemfunga kamba kama mbuzi wa mnada. Felisiani akasema alijifunga mwenyewe. Nyanzala akamwambia hiyo ni aibu, aende sokoni akamuulizie Nyanzala fundi cherehani, atashonewa mkanda wa kibinadamu.

Kesho yake duka halijafunguliwa yeye alishafika.

Felisiani alikuwa Mkonongo wa Ugalla, mtoto wa nyumba ya warina asali. Miaka miwili nyuma alikuwa anapandisha mzinga wa gogo juu ya mti wa mtundu, kamba ikakatika, wakashuka pamoja yeye na mzinga. Walimpasua, wakamwekea vyuma, akatembea tena, jambo ambalo madaktari hawakumwahidi. Ila maumivu yalibaki. Alilala nayo na kuamka nayo. Sasa aliishi mjini kwa kaka yake Gervas, akimuuzia asali kwenye meza karibu na kituo cha bajaji, na nusu ya siku aliuza amesimama kwa sababu kukaa kulimchoma.

Mkanda aliushona Nyanzala kwa turubai, ndani akaweka vipande vya ndoo ya plastiki. Jioni ile ile simu ikaita.

"Fundi, mkanda unabana."

"Ndio kazi yake."

"Unabana kuliko mchumba."

"Wewe mchumba umemwona wapi?"

"Bado namtafuta. Nasikia anatembea na tepu shingoni."

Nyanzala alikata simu ili acheke vizuri. Baada ya hapo simu hazikukoma. Mmoja alipiga kuuliza mwenzake amekula nini, mwingine alipiga kusema hana la kusema. Felisiani alimwita fundi wangu, Nyanzala alimwita mzee wa nyuki, na sokoni watu walianza kumuuliza Nyanzala harusi lini kabla hata wenyewe hawajaulizana. Alimpenda kwa sababu alikuwa mcheshi, na kwa sababu alisema ukweli wa mwili wake bila kuona haya. Alipoumwa alisema anaumwa, akaendelea na hadithi.

Kilichomfanya aweze kusimama mezani na kucheka kilikuwa tramadoli, kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, kwa cheti cha daktari. Mpanda nzima ilikuwa na la kusema juu ya vidonge hivyo, maana wapo vijana wanaovinunua kwa siri ili wabebe mizigo wasichoke, na mwisho wao kila mtu ameuona. Sista Natalia wa kliniki ya maumivu hakumficha Felisiani. Alimwambia dawa ni nzuri na itamsaidia, lakini mwili huizoea, ukishaizoea unadai zaidi, na huyo anayedai huwa hasikii. Kwa hiyo atafute mtu mmoja wa kumtunzia vidonge, mtu wa nyumbani, mwenye msimamo.

Mtu huyo alikuwepo, tena chumba cha pili. Tereza, mke wa Gervas, aliwahi kuumwa na nge akisonga ugali, akamaliza kuusonga, akapakua, ndipo akaomba apelekwe hospitali. Sista Natalia angetengenezewa mtunza dawa kiwandani asingempata aliye bora zaidi. Lakini Felisiani alikuwa amependa, na aliyependa hupeleka kila kitu sehemu moja. Akampita shemeji yake.

Alichonga kisanduku cha mninga, kidogo, kina kifuniko cha kuteleza, akakipeleka dukani kwa Nyanzala pamoja na kisu. Akamwomba achore alama yoyote anayoipenda. Nyanzala alichora sindano kwa chaki, mstari na tundu juu yake, na Felisiani akaichonga pale pale, taratibu, amesimama.

"Kwetu mzinga ukishapigwa alama ni wa mwenye alama," alisema. "Hata uwe unadondosha asali na wewe una njaa ya siku tatu, hugusi. Anayegusa hatukai naye kambini, hatuli naye. Kuanzia leo dawa ni yako. Mimi nitapita tu kupewa."

Nyanzala aliona aibu ya furaha, maana ilikuwa kama kuvishwa pete.

"Na jambo moja. Sista karuhusu kidonge cha ziada siku mbaya sana, mara mbili kwa wiki. Zaidi ya hapo usinipe, Nyanzala. Hata nikilia."

"Ukilia mimi nifanye nini?"

Wakacheka wote wawili. Lingekuwa jambo jema kama wangelijibu swali hilo siku ile, lakini walikuwa wapya, na wapenzi wapya hawajibu maswali, wanatazamana.

Miezi mitatu mambo yalikwenda sawa. Kisha ikaja baridi ya Juni.

Baridi ile iliingia kwenye vyuma vya mgongo ikakaa humo. Felisiani alifika dukani asubuhi amekunja uso, akashika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, akasimama hivyo bila kuingia. Hakuomba kitu. Angekuwa ameomba, Nyanzala angekumbuka ahadi. Lakini alishika mwimo tu, vidole vimekuwa vyeupe, na Nyanzala akasimamisha cherehani, akavuta sanduku, akampa cha ziada. Wiki ile mara mbili, kama sista alivyoruhusu. Wiki iliyofuata mara nne. Julai ilipoingia ikawa kila siku mchana, na mchana ukisogea kidogo Nyanzala mwenyewe alifunga duka akamfuata mezani kwake, kidonge amekifunga kwenye kipande cha kitambaa.

Siku moja Felisiani alimshika mkono. "Fundi, hiki si kimezidi?"

"Unaumwa au huumwi?"

"Naumwa."

"Basi meza."

Akameza. Nani angekataa? Mkono unaompa ni wa mpenzi wake, na maumivu ni yake. Nyanzala naye hakuwa mjinga, alijua anafanya nini. Alichoshindwa ni kumwangalia. Mtu unayempenda anatetemeka mbele yako na unafuu wake umo kwenye sanduku lililo chini ya mkono wako, tena sanduku lenye alama yako. Felisiani hakuwahi kuligusa hata siku moja. Wangeweza kumfungia nalo chumba kimoja asiliguse. Walikuwa wamelikinga sanduku na mwizi, hakuna aliyefikiri kulikinga na huruma.

Vidonge vya mwezi viliisha zikiwa zimebaki siku tisa.

Siku ya pili yake Gervas ndiye aliyempeleka kliniki, maana Felisiani alikuwa anatoka jasho na kamasi, na tumbo limemchafuka. Nyanzala aliwakuta huko, sanduku mkononi. Sista Natalia alitelezesha kifuniko, akaona ubao mtupu. Akauliza kwa upole nani amevimaliza.

Nyanzala alifungua mdomo. Aliwaza watamnyang'anya sanduku, wataita watu, watasema ndiye aliyemharibu mtoto wa watu kwa mikono yake, na itakuwa kweli. Akaufunga mdomo.

"Ni mimi, sista," Felisiani alisema.

"Ulichukua mwenyewe?"

"Ni mimi."

Alisema akimtazama Nyanzala, akisubiri. Nyanzala aliangalia vidole vyake vilivyotobolewa na sindano. Gervas alilitazama sanduku, akaitazama ile alama, akatoka nje. Sista Natalia akasema hakuna wa kugombezwa hapa, dawa haiachwi ghafla, kesho asubuhi waje wamwone daktari wapange kuipunguza pole pole. Lakini kesho yake Felisiani hakwenda. Kule nje Gervas alikuwa amemwambia kwamba mtu anayefungua mzinga wa mwenzake hawezi kusimama mbele ya asali ya baba yao, akamtaka asirudi mezani. Felisiani hakujitetea. Alipanda gari la Ugalla, akaenda kwa mama yake, hana kidonge hata kimoja.

Nyanzala alipiga simu siku ile mara ishirini. Haipatikani. Huko kwao mtandao unapatikana juu ya kilima tu, na mtu asiye na mgongo atapandaje kilima? Alishona suruali ya mteja miguu miwili ya kushoto, akaifumua, akashona tena vile vile. Siku ya tatu asubuhi simu ikaita.

"Umepandaje huko?" ndilo neno la kwanza alilosema.

"Kwa kutambaa." Sauti ilikuwa imekauka, na katikati ya maneno alipiga miayo, mmoja baada ya mwingine. "Napiga miayo mpaka taya zinauma. Vinyweleo vimesimama mwili mzima. Silali."

"Felisiani, rudi. Sista alisema haiachwi hivyo."

"Mimi kuitwa mlevi wa vidonge ningevumilia. Nimeitwa mwizi wa mzinga, tena na kaka yangu mwenyewe. Nilingoja useme neno moja tu, Nyanzala. Moja."

"Niliogopa."

"Mimi pia naogopa. Naogopa kila siku." Akakata.

Nyanzala alilia akiwa amekaa kwenye kiti cha cherehani, alilia mpaka mteja aliyekuja kuchukua sketi akaondoka bila kuuliza. Kisha alinawa uso na kumpigia Sista Natalia, akamwambia yote, kuanzia kidonge cha kwanza cha Juni. Sista aliuliza swali moja tu.

"Ulimpa kwa nini?"

"Alikuwa anaumia, sista."

"Wote wanaokuja kwangu wanaumia, binti yangu. Mlete. Mwambie nitampa, kwa mpango. Na wewe uje."

Kutoka hapo akaenda moja kwa moja kwenye meza ya asali. Gervas alikuwepo, na Tereza alikuwa anafuta chupa. Nyanzala hakukaa. Akasema sanduku halikuwahi kufunguliwa na Felisiani, lilifunguliwa na mwenye alama, mkono huu hapa. Gervas aliweka chini chupa aliyoishika, akawa anatafuta pa kuangalia. Alikuwa amemhukumu ndugu yake kwa kosa lisilokuwepo, na ndugu yake alikubali. Tereza hakusema pole wala hakusema mshenzi wewe. Alimvua Gervas aproni, akampa ufunguo wa pikipiki, akamwambia Nyanzala avae kitu kizito maana njiani kuna baridi.

Ilikuwa safari ya saa tatu za vumbi katikati ya miti ya miyombo iliyoanza kupukutisha majani. Walimkuta Felisiani nyuma ya nyumba ya mama yake, kwenye banda la mizinga, ameegemea gogo, amejifunika mablanketi mawili mchana. Alikuwa amekonda kwa siku nne kuliko mtu anavyokonda kwa mwezi. Lile sanduku, ambalo siku ya kliniki Sista Natalia alimrudishia mkononi, alikuwa amelipakata, na kwa kisu alikuwa anaikwangua alama ya sindano. Alama ilikuwa inatoka.

Gervas alichuchumaa mbele ya mdogo wake, akaomba radhi kwa Kikonongo, maneno machache. Felisiani aliitikia kwa kichwa. Gervas akaenda kumsalimu mama.

Nyanzala alibaki amesimama, akiangalia vumbi jekundu la mninga linavyoanguka kwenye blanketi. Alijua maana yake. Alama ya mtu ikifutwa, mtu huyo hana kitu hapo.

"Nimemwambia sista," alisema. "Nimemwambia na Gervas. Nimechelewa, najua. Futa tu, mimi nisingekulaumu."

"Naifuta kweli."

"Haya."

"Sikiliza kwanza, mbona una haraka ya kuachwa." Akapiga miayo, akajifuta pua kwa blanketi. "Anayenitunzia dawa anatakiwa awe mtu anayeweza kuniangalia ninalia, akaendelea kumenya viazi. Unamjua mtu wa hivyo?"

Nyanzala alitaka kulia na kucheka vyote pamoja. "Tereza."

"Nitachonga alama ya Tereza. Nilijua tangu mwanzo ni yeye. Nikakupa wewe kwa sababu nilitaka kila asubuhi niwe na sababu ya kuja. Kosa hilo ni langu. Na mchana ule uliponiambia meza, nilijua. Nilimeza nikijua." Maumivu yakapita mgongoni, akayasubiri. "Sitaki mke wa kunipa dawa. Ukinipa, kila nikikuona nitakuwa naiona dawa, na siku moja nitashindwa kujua nakupenda wewe au naipenda ile. Nakutaka mikono mitupu. Nikuoe hivyo."

"Halafu ukilia mimi nifanye nini?"

Lilikuwa swali lile lile, ila safari hii hakuna aliyecheka.

"Hakuna," Felisiani alisema. "Utakaa tu."

Nyanzala akasema ndiyo. Hakujua anasema ndiyo kwa kitu kizito kiasi gani.

Felisiani alirudi Mpanda, daktari akampangia, Tereza akalificha sanduku mahali ambapo hata Gervas hakupajua. Walipunguza wiki hadi wiki, na kila hatua ya kupunguza ilikuwa na siku zake za jasho na za hasira. Kuna jioni alimwita Tereza majina mabaya, Tereza akaendelea kupepeta mchele. Mwisho akatulia kwenye vidonge viwili vyake vya zamani, na mazoezi ya kila asubuhi ambayo aliyachukia. Oktoba baba yake Nyanzala, mzee Machibya wa Kasokola, alimwita akamuuliza kama ataweza kulima. Felisiani akajibu hapana. Kama ataweza kuchunga. Hapana. Mzee alimtazama sana, kisha akasema angalau huyu hadanganyi. Wakafunga ndoa Novemba, bwana harusi amesimama ibada nzima, na chini ya suti mkanda mpya wa turubai wenye mshono wa mkono wa mkewe.

Juni ikarudi na baridi yake.

Asubuhi moja Nyanzala alikuwa anakata kitambaa cha sare za shule. Felisiani alifika, akashika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Kidonge cha asubuhi alishapewa na shemeji yake, cha jioni kilikuwa mbali, na vya ziada vya wiki alishavitumia vyote viwili. Vidole vilikuwa vyeupe. Machozi yalimtoka bila sauti na hakuweza kuyafuta, maana mikono ilikuwa inamshikilia asianguke.

Nyanzala aliweka mkasi chini. Mkono wake wa kulia, wenyewe tu, ulisogea chini ya meza mahali sanduku lilipokuwa zamani. Ukakuta vipande vya kitambaa. Aliuchukia mkono ule na aliuonea huruma.

Alisimama akaenda mlangoni. Alitamani aite mtu, akimbie kwa Tereza apige magoti, avunje kila kitu na kuanza upya kwenye kosa lile lile. Felisiani alimwangalia na alijua yote hayo.

"Usiende popote," alisema.

"Siendi."

"Inauma, Nyanzala."

"Najua."

Alipitisha mikono chini ya makwapa ya mumewe, akauchukua uzito wake juu ya bega, na wote wawili wakasimama mlangoni huku wateja wakipita na bajaji zikipiga honi. Alihesabu pumzi za mumewe. Zilipofika mia maumivu yalikuwa hayajapungua hata kidogo, akaanza tena kuhesabu kutoka moja.